Khamnoi Inkaew: Miaka Thelathini na Minane Bila Idara

Baada ya miaka thelathini na minane, miezi minne na siku kadhaa ambazo ofisi ya utumishi na mwenyewe bado wanazibishania, Bi Khamnoi Inkaew anastaafu rasmi tarehe 31 Desemba. Alijiunga na kiwanda chetu cha vyombo vya udongo hapa Lampang mwezi Agosti mwaka 1987, akiwa binti wa miaka ishirini na mbili mwenye kandambili mpya na barua ya mkuu wa kijiji. Anaondoka akiwa Shangazi Noi wa watu mia moja na arobaini, wakiwemo wanne waliomzidi umri.

Kwa desturi wasifu wa mstaafu huandikwa na mkuu wa idara yake. Hapo ndipo tulipokwama, maana Shangazi hana idara na hajawahi kuwa nayo. Nikaomba niandike mimi, Praphat, mkuu wa tanuru. Ninayo sababu, na nitaisema kabla karatasi haijaisha. Wenzangu walikubali haraka kuliko nilivyotarajia, nadhani kwa kuwa kikao kilikuwa kimegusa saa ya chakula.

Alianzia kwenye chumba cha uchoraji, kama wasichana wote wa wakati ule. Jogoo wa bakuli letu hachorwi na mtu mmoja. Mmoja huweka mwili mwekundu, mwingine mkia mweusi, wa tatu ua, wa nne jani la mgomba, na bakuli husogea juu ya meza mpaka jogoo akamilike. Khamnoi alipewa mkia. Alichora mikia kwa miaka mitatu, na wanaokumbuka wanasema mikia yake haikuwa na kosa wala haikuwa na maajabu. Katika mashindano ya wachoraji alishika nafasi ya nne mara tatu mfululizo, na mpaka leo hakuna aliyeivunja rekodi hiyo.

Mwaka 1990 mkandaji mmoja wa udongo aliumia mgongo. Msimamizi akaja chumba cha uchoraji, akauliza nani angekwenda kushika nafasi yake kwa wiki moja. Wasichana wote wakaanza kuchunguza kucha zao. Khamnoi akaosha brashi yake, akaenda. Wiki hiyo ilidumu miezi kumi na minane. Alirudi na mabega ya mchukuzi, na akiwa na uwezo wa kusugua udongo kwa vidole viwili na kukuambia kama umechimbwa juu ya kilima au chini yake.

Tangu hapo ukawa ndio mtindo. Pakipwaya mahali, anaitwa Khamnoi. Alikaa kwenye mashine za kufinyanga, akavunjika kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ambacho mpaka leo hutabiri mvua. Alikaa kwa wachovyaji, wale wanaotumbukiza bakuli kavu ndani ya uji mweupe wa mng'aro, ambao ukipita motoni hugeuka kioo. Alikaa ghalani. Alipata leseni ya udereva na siku ya tatu tu akapeleka mabakuli mia tatu ya jogoo kwenye hekalu lililoagiza mabakuli meupe matupu. Watawa walishakula asubuhi nzima kabla kosa halijagunduliwa. Mkuu wa hekalu alikataa kuyarudisha. Alisema tangu jogoo waingie mezani, vijana wake wanaamka mapema.

Mwaka 1996 alikuja kwetu tanuruni. Mimi nilikuwa na miaka mitatu kazini na tayari nilijiona bingwa wa moto. Siku ya kwanza akaniuliza, "Praphat, mbona toroli la pili la mabakuli ndilo linatangulia kutoka motoni?"

"Ndivyo ilivyo," nikamjibu kwa sauti nzito.

"Tangu lini?"

Sikujua. Sijui mpaka leo, ila siku hizi toroli la kwanza ndilo linalotangulia, na tunamaliza kazi nusu saa mapema.

Halafu mpishi wetu alikwenda mkoani Nan kumuuguza mama yake, na Shangazi akashika jiko kwa miaka miwili. Mwezi wa kwanza mchuzi wake wa tambi ulikuwa na chumvi ya kutosha kuhifadhi samaki. Mwezi wa tatu watu walianza kuongeza sahani. Mpishi aliporudi, aliyempokea kwa uchungu zaidi nilikuwa mimi. Baada ya jiko, alikaa mapokezi. Mteja akipiga simu kuuliza kama kuna mabakuli mia mbili ya inchi sita, hakuambiwa asubiri. Aliambiwa yapo mia moja na themanini, ishirini yako motoni, yatatoka kesho saa nne, na kama ana haraka gari lina nafasi mchana.

Huku kwetu mtu wa namna hii huitwa bata. Bata huogelea, lakini samaki humcheka. Huruka, lakini mwewe humcheka. Hutembea, na hapo kila mtu humcheka. Jina likamganda. "Shangazi Bata, leo uko wapi?" watu humpigia kelele uani, naye hujibu bila kugeuka, "Leo nataga ghalani. Anayetaka yai aje na fomu." Wengine walimkumbusha kwamba mshika mbili moja humponyoka. Aliwaambia wahesabu vizuri, yeye ameshika tisa, zikiponyoka mbili bado ana saba.

Lakini utani mwingine unauma hata ukichekewa. Kikombe cha Mfanyakazi Bora, kilichoanzishwa baada ya yeye kutoka jikoni, hutolewa kwa idara, na sharti lake ni mtu awe amekaa miezi tisa mahali pamoja ndani ya mwaka. Shangazi hajawahi kutimiza sharti hilo, kwa sababu ndani ya miezi tisa tunakuwa tumeshamwita kwingine mara tatu. Kwa hiyo amefanya kazi miaka thelathini na minane na kikombe hana. Mimi ninavyo vitano. Viko juu ya kabati nyumbani, na mke wangu anavifuta vumbi siku za wageni tu.

Sasa nifike mwaka 2017, ambao ndio sababu yangu.

Mwezi Machi mwaka ule biashara ilikuwa imelala. Mwenye kiwanda, Bwana Kriangsak, alimwita mshauri kutoka Bangkok aje atutazame. Aliitwa Thanakrit, kijana mwenye adabu, aliyevaa viatu vyeusi vya kung'aa, na katika kiwanda cha udongo mweupe huo ni ushujaa. Hakuwa mtu mbaya. Alizunguka na saa yake, akapima, akaandika, kisha akaleta mabadiliko mawili.

La kwanza lilikuwa chakula. Zamani saa sita mchana tulikuwa tunaacha kila kitu na kwenda bwaloni kwa saa nzima. Thanakrit aliona mashine zinalala. Akaamuru chakula kiletwe kwenye idara, watu wale kwa zamu, nusu saa nusu saa, hapo hapo walipo. Tulinung'unika siku mbili, kisha tukazoea, maana chakula kilikuwa kinafika kikiwa bado cha moto.

La pili lilikuwa mchoro. Alichora masanduku kwenye karatasi kubwa, kila sanduku idara moja, na kila mfanyakazi jina lake ndani ya sanduku moja tu. Atakayebaki nje ya masanduku angelipwa haki zake na kuagwa kabla ya sikukuu ya Songkran katikati ya Aprili. Akapanga, akapanga, akabaki na jina moja mkononi.

"Huyu mama anafanya kazi wapi?" aliuliza ghalani.

"Inategemea ni saa ngapi," akajibiwa.

Akamtafuta mwenyewe, akamkuta anapanga majani makavu ya kufungia mabakuli. "Shangazi, samahani. Kazi yako hasa ni ipi?"

"Leo?"

"Kwa ujumla."

"Kwa ujumla nafika saa moja na nusu," akasema, na watu wote wakaangua kicheko, Thanakrit naye akiwemo. Lakini alirudi ofisini na jina bado liko mkononi.

Basi akatuandikia wakuu watano wa idara: udongo, ufinyanzi, mng'aro, tanuru na uchoraji. Swali lilikuwa moja. Je, idara yako inamhitaji Khamnoi Inkaew kwa muda wote? Sote watano tulijibu kwamba hapana. Jibu langu nalikumbuka kama jina langu. Niliandika: "Ni msaada mzuri, ila tanuru halimhitaji." Nililiandika kwa dakika mbili, chai ikiwa mkono wa pili.

Sikumchukia. Niliulizwa habari za tanuru, nikajibu habari za tanuru. Kwa muda wote ule sikufikiri kwamba yeye alikuwa na miaka hamsini na miwili, mume ambaye goti lilishamtoa kazini, na binti aliyekuwa mwaka wa pili chuoni Chiang Mai. Sikufikiri ni nani angemwajiri mwanamke wa umri ule ambaye barua yake ya kazi ingesema amefanya "shughuli mbalimbali". Nilirudi kwenye moto wangu.

Na moto wangu siku zile ulikuwa na balaa lake. Tulikuwa na oda kubwa, mabakuli elfu kumi na mbili ya kampuni yenye migahawa mingi ya tambi, yatoke kabla ya Songkran. Yakaanza kutoka tanuruni na vipara. Mng'aro umekimbia, umeacha doa la udongo mtupu lenye ukubwa wa sarafu. Bakuli moja kati ya matano lilikuwa la kutupwa. Na si kila siku: Jumatano na Jumamosi tu. Siku nyingine mabakuli yalitoka kama maziwa.

Tukaitana kikaoni. Bi Orawan wa mng'aro akasema uji wake anaupima kila asubuhi, waulizwe watu wa udongo. Mzee Inpan wa udongo akasema, "Udongo wangu haujabadilika tangu dunia iumbwe. Wewe umebadilisha uji mara ngapi?" Ufinyanzi wakasema bakuli likitoka kwao halina kipara, wenye vipara wajitafute. Mzee Inpan alikuwa na kipara na alichukia. Mimi niliwatazama kwa majivuno, kwa sababu nilikuwa nimeshajua. Lori la gesi lilikuwa linakuja Jumanne na Ijumaa. Mabakuli yalikuwa yanaharibika kesho yake. Gesi mpya ni chafu, basi. Hilo hata mtoto angeliona.

Nikabadilisha vichomeo. Nikapunguza moto, nikauongeza, nikaupunguza tena. Nikamgombeza dereva wa lori mpaka akaacha kunisalimu. Vipara vikaendelea kutoka kila Jumatano na kila Jumamosi.

Jumatano moja asubuhi, wiki mbili kabla ya Songkran, Shangazi Noi akaingia tanuruni. Hakuna aliyemwita. Alipindua kreti, akakaa, akaanza kuyapanga mabakuli mabovu sakafuni mbele yake.

"Vipara viko sehemu gani?" akauliza.

"Kila mahali," nikasema. "Ni gesi, Shangazi. Usijisumbue."

"Si kila mahali. Ni vitatu vitatu. Kimoja ndani karibu na mdomo, viwili nje. Tazama hili. Na hili."

Nikatazama. Vilikuwa vitatu vitatu. "Haya, ni vitatu. Gesi inazunguka."

"Gesi ina vidole?"

Akanyanyua bakuli kama wabebaji wanavyolinyanyua kutoka kwenye rafu za kukaushia kulipeleka kwa wachovyaji: dole gumba ndani, vidole viwili nje. Kila kidole kilikaa juu ya kipara chake. Vijana wangu wakasogea. Mimi nikashika bakuli jingine, nikajaribu, nikaliweka chini polepole.

"Sawa," nikasema, "lakini vidole vipo kila siku. Mbona iwe Jumatano na Jumamosi?"

"Hayo yalichovywa lini?"

"Jumanne na Ijumaa." Nikaruka. "Si ndiyo nasema! Siku za lori la gesi!"

"Siku za ngozi ya nguruwe," akasema Shangazi.

Hapo nieleze, kwa faida ya vijana. Kila Jumanne na Ijumaa jiko letu hutoa pilipili za kuchoma zilizotwangwa pamoja na ngozi ya nguruwe iliyokaangwa ikakauka. Mimi nilikuwa nimekula chakula hicho miaka ishirini na minne, na ungeniuliza ni siku gani ningekuambia ni siku nikiwa na bahati. Orawan alikijua kipimo cha uji mpaka tone la mwisho, Inpan alikijua kila kilima, lakini ratiba ya jiko huijua mpishi. Au mtu aliyewahi kuwa mpishi.

Zamani tulipokula bwaloni, bomba la maji lilikuwa mlangoni, na kila aliyetoka alipita hapo akanawa bila kufikiri. Sasa sahani ilikuwa imewafuata watu mpaka kwenye rafu za mabakuli, bomba likabaki bwaloni. Mngedhani mtu mwenye mafuta vidoleni angeenda kuyaosha. Lakini sisi watu wa kaskazini tunakula wali wa kunata, tena kwa mkono, na tonge la mwisho hufuta vidole vizuri mno. Mkono uliomaliza wali wa kunata hujiona umeoga. Ungemuuliza mbebaji yeyote kama mikono yake ni safi, angekuonesha kwa fahari, na wewe ungeitazama ukakubali. Mafuta yaliyobaki hayaonekani. Mng'aro ndio unaoyaona, na haukai juu yake.

Nakiri kwamba nilibisha kwa siku mbili zaidi. Ijumaa Shangazi akaleta beseni na sabuni, akaligawa kundi la wabebaji katikati. "Nyie wa huku mkimaliza kula mnanawa. Nyie wa kule endeleeni na uchafu wenu."

"Uchafu upi, Shangazi?" akalalamika mmoja wao, Chanthip, akinyoosha viganja. "Tazama. Safi kuliko ya daktari."

"Ndiyo, daktari. Weka bakuli lako upande ule."

Jumamosi tukafungua tanuru mbele ya wakuu wote. Mabakuli ya walionawa yalitoka meupe yote. Mabakuli ya Chanthip yalikuwa na vipara kama baraza la wazee. Mzee Inpan alicheka mpaka akasahau kuchukia. Mimi nilikwenda Jumanne iliyofuata kumsubiri dereva wa lori la gesi getini, nikiwa na mfuko wa machungwa.

Oda ilitoka tarehe 11 Aprili, kasoro mabakuli arobaini ambayo mteja alikubali kuyasubiri. Thanakrit aliweka bomba kwenye kila idara kabla ya wiki kuisha. Alimuuliza Shangazi mbele yetu, "Ulijuaje?" naye akasema hakujua, alikuwa anapita tu. Kijana yule alisimama kidogo mbele ya masanduku yake, kisha akaenda mwenyewe kwa Bwana Kriangsak kusema alikuwa amekosea, jina lile libaki. Nilimheshimu kwa hilo na ninamheshimu bado. Bwana Kriangsak akaichana orodha ya wa kuagwa pamoja na majibu yetu, vyote vikatupwa, nasi wakuu watano tukapumua. Karatasi imekwenda, hakuna aliyeisoma, hakuna haja ya kuizungumza. Ndivyo nilivyojiambia kwa miaka minane.

Sisemi kila mtu awe bata. Tanuru linataka mtu wa kulikalia miaka, la sivyo tutaungua sote, na Orawan asipokuwepo uji huwa chokaa. Lakini makosa ya kiwanda hayasomi masanduku. Hukaa katikati, mahali ambapo kila mkuu anaweza kuapa kwa haki kabisa kwamba si kwake, na mtu pekee anayeyakuta hapo ni yule ambaye ameshapita pande zote. Sisi watano tulikuwa hodari, tukasema ukweli mtupu, na tulikuwa tunaelekea kukipoteza kiwanda huku kila mmoja yuko sahihi.

Tangu mwaka ule, kila anayeajiriwa hapa hupitishwa idara zote katika mwaka wake wa kwanza, jiko likiwemo, na mwalimu wao amekuwa Shangazi. Wamefika thelathini na mmoja. Baadhi yao wanaweza kukuambia mambo kuhusu tanuru langu ambayo sikuwauliza.

Wiki iliyopita wakuu tulikutana kupanga sherehe ya kumfunga nyuzi nyeupe za baraka mikononi. Desturi yetu ni kwamba uzi wa kwanza hufungwa na mkuu wa idara ya anayeagwa. Mngekuwepo mngeona aibu.

"Alianzia kwangu," akasema wa uchoraji.

"Kuanza si hoja, kwangu ndiko alikopata mabega!" Mzee Inpan akagonga meza.

"Na kwangu alivunjika kidole," akasema wa ufinyanzi, kana kwamba hiyo ni hati ya kumiliki.

Orawan alikuwa amekuja na tarehe kwenye daftari. Walikuwa wale wale watano, kwenye meza ile ile, na kila mmoja anadai ni wake. Kikao kilipoisha nilikwenda kumtafuta, nikamkuta ghalani juu ya ngazi akibadilisha balbu, zikiwa zimebaki siku kumi na sita astaafu.

"Shangazi, nina neno."

"Sema, ila shika ngazi."

Nikashika. "Mwaka ule wa mshauri, tuliulizwa kama idara zetu zinakuhitaji. Mimi niliandika kwamba..."

"'Ni msaada mzuri, ila tanuru halimhitaji,'" akamalizia, neno kwa neno, macho yake yakiwa kwenye balbu.

"Nani alikuambia?"

"Nani aniambie? Niliyachapa mimi. Katibu alikuwa likizo ya uzazi, si nilikaa mezani kwake wiki ile? Majibu yenu yote matano, halafu orodha, jina langu peke yake. Nikatoa nakala tatu. Ya kwanza wino ulififia nikairudia."

"Ulichapa siku gani?"

"Jumanne."

Jumatano asubuhi ndiyo alikuja tanuruni kwangu, akapindua kreti, akakaa.

"Ukaja kwangu," nikasema. "Umetoka kusoma yale, ukaja kwangu."

"Mabakuli yalikuwa yanaharibika, Praphat. Ningekwenda wapi?" Akanyoosha mkono chini bila kunitazama. "Nipe balbu."

Nikampa balbu.

Shangazi Noi, nilitaka haya yasomwe mbele ya watu wote, na wewe ukiwa umekaa kiti cha mbele huna pa kukimbilia. Nilikosea, na wewe ulijua nimekosea, na ukaniokoa kesho yake asubuhi bila neno. Nisamehe. Kwa niaba ya idara zote tano ambazo kila moja iliandika kwamba haikuhitaji, na ambazo hazijui zitaishije bila wewe mwaka ukianza, asante. Asante kwa mikia, kwa toroli, kwa mchuzi wa chumvi, kwa watu thelathini na mmoja. Pumzika na mzee wako na goti lake, mle tambi zikiwa za moto, binti akuletee wajukuu wa kukuuliza maswali yasiyoisha. Mungu na malaika wa kilima chetu wakupe afya na siku ndefu, na kila mlango utakaobisha ufunguliwe na mtu anayefurahi kukuona.

Kuhusu ule uzi wa kwanza, wenzangu bado wanagombana. Mimi nimeomba niwe wa mwisho kwenye foleni. Nitakapokufikia, ukiona macho yangu yanatoa machozi, nitakuambia ni moshi wa tanuru. Nawe unajua vizuri kwamba tanuru letu ni la gesi.